Karibu Tena

Zama hizi mgeni haji kwa miguu. Huja kwa miwani ya mtandao wanayovaa yeye na mwenyeji, kila mmoja akiwa kwake, na neno "karibu" la mwenyeji ndilo linalomfungulia mlango.

Saumu alipoaga, Mwanatumu akamwambia, "Haya wifi, karibu tena."

Papo hapo Saumu akajikuta amerudi kochini kwa Mwanatumu.

"Wee! Nimeacha wali jikoni!"

"Jamani, nimesahau! Nenda salama wifi yangu, karibu te..."

Saumu huyo, kochini tena, ananusa wali wake ukiungua huko kwake.

Safari ya tatu Mwanatumu akajiziba mdomo kwa kanga.

"Yaani unanitoa kimyakimya kama mwizi?" Saumu akasema, akayeyuka amenuna.

Mwanatumu akavua miwani. Kikombe cha chai aliyommiminia mgeni kilikuwa bado kimejaa.

"Karibu tena," akanong'ona.

Kochi likabaki kochi.