Baraza la Sufuria

Serah alitia mkono ndani ya sufuria, akachota karatasi moja kati ya ishirini, akaikunjua. Lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Wee!" Emmaculate akapiga kofi. "Mkono umemjua mwenyewe. Kaa, sista. Ushachaguliwa."

Hakuwa amekuja kukaa. Alikuja mtaa huu wa Malaz, Riyadh, kwa sababu Priscilla alimpigia simu asubuhi, akamwomba alete chapati. Lakini mjumbe wa tisa alikuwa amenyimwa ruhusa na madam anayemfanyia kazi, na bila watu tisa hakuna kikao, ndipo majina ya wenzao ishirini yakatiwa sufuriani achotwe wa kujazia.

Priscilla, mwenye nyumba, alikuwa mkubwa wao wote. Desturi hii aliipata kwa mama wa Kimarekani ambaye yeye Priscilla aliwahi kumfanyia kazi. Mama yule aliwahi kuitwa mahakamani kwao, jina lake limechotwa tu katika orodha ya watu wa kawaida, akafungiwa chumbani na wenzake kusikiliza kama mtu ana kesi ama hana.

"Huko hufika hata ishirini na watatu," Priscilla alisema.

"Sisi tukifika hapo wengine watakalia jiko," Emmaculate akajibu, na wanawake wakacheka kidogo.

Priscilla hakucheka. Alimgeukia Serah, akamsomea kanuni. "Hatuhukumu mtu. Tunaamua tu kama kuna neno la kujibu. Tunasikia upande mmoja. Mshtakiwa haitwi, wala hajui. Jina lake halitajwi mpaka mikono ihesabiwe, ili urafiki usiingie. Wakikubali sita, barua inaenda kwa wafiwa ikiwa na jina hilo, na hakuna mlango wa Mkenya utakaomfungukia tena hapa Riyadh. Na kila mjumbe lazima aulize swali moja. Umeelewa?"

"Nimeelewa, auntie."

"Basi. Leo ni habari ya Rosebellah."

Hapo ndipo Serah alipokitazama kiti cha kumi. Hakikuwa na mtu. Juu yake palikuwa na leso ya manjano iliyokunjwa, iliyorudi kutoka Jeddah. Yeye ndiye aliyemfunga Rosebellah leso ile kiunoni, asubuhi msichana alipopanda basi la Jeddah. Walitoka kijiji kimoja, na Serah ndiye aliyepeleka jina lake katika ofisi ya wakala wa kazi, akamwombea nafasi. Habari za kifo zilipofika, alilia kuliko wote. Hata laini ya simu aliibadilisha. Alisema ile ya zamani ilikuwa ikimkumbusha sauti ya marehemu.

Priscilla akaweka simu mezani, akaongeza sauti. Shahidi alikuwa Josphat, dereva wa nyumba ile ya Jeddah.

"Msichana alikuwa na homa siku sita," Josphat alisema. "Simu yake madam alishaichukua. Nikampa yangu, akaingia nayo stoo. Akampigia mtu fulani huko Riyadh."

"Akamwomba nini?" Emmaculate aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake.

"Atolewe. Arudishwe ofisini, basi. Yule mtu akamwambia avumilie, zimebaki siku tisa."

Hakuna aliyeuliza siku tisa za nini. Wote walizijua. Mfanyakazi akirudi kabla ya miezi mitatu, ofisi humpa kafili, yaani mwajiri wake, mfanyakazi mwingine bure, na aliyemleta hakosi kulaumiwa.

Serah aliitazama leso. Ilionekana kama imesogea kidogo, kama nguo ya mtu anayejiweka sawa kitini.

Maswali yakapita kwa zamu. Je, alikuwa akila? Uji tu, siku mbili za kwanza. Alipiga mara ngapi? Mara tatu. Ya tatu haikupokelewa. Alikufa lini?

"Zikiwa zimebaki siku nne," Josphat alisema. "Aliniuliza leo ni tarehe ngapi. Alikuwa anahesabu."

Mtu mmoja alijifuta macho kwa upindo wa abaya. Namba ile, Josphat aliongeza alipoulizwa, haipatikani tena.

Sasa alibaki Serah. Alilijua swali moja tu, lile lililokuwa likimwamsha kila siku kabla ya adhana.

"Huyo mtu," alisema, "wewe unamjua jina?"

Ikasikika feni upande wa Jeddah.

"Jina silijui," Josphat alisema polepole. "Msichana aliweka spika. Nilisikia sauti tu."

Serah akashusha pumzi. Sauti si jina. Sauti haiandikwi kwenye barua.

"Una la kuongeza?" Priscilla aliuliza.

"Hapana, mama. Nimewasikia wote. Sasa nimemaliza."

Simu ikakatwa. Priscilla akawatazama mmoja mmoja. "Wanaosema kuna neno la kujibu?"

Mkono wa Serah ulikuwa wa kwanza kupanda. Asingeweza kuuacha mapajani, watu wanamwona. Mingine minane ikafuata, na kwa muda hakuna aliyeushusha wake.

"Tisa," Priscilla alisema. Hakugusa kalamu. "Serah, chukua hiyo sufuria jikoni. Mwaga karatasi, uioshe, tuteleke wali."

Aliibeba. Miguu ilikuwa miepesi, kama ya mtu aliyetoka hospitali na kuambiwa hana kitu. Aliiinamisha juu ya pipa la taka, na karatasi moja ikaangukia sakafuni, ikafunguka.

Serah.

Akaiokota. Akachukua nyingine ndani ya sufuria, akaikunjua. Halafu nyingine. Sebuleni hakuna aliyekuwa akizungumza.

Alizikunjua zote kumi na tisa, akazipanga juu ya sinki. Mwandiko ulikuwa wa Priscilla, na jina lilikuwa moja.