Kifungo cha Rubens

"Bonyeza kifungo cha kwanza," Victorine alisema katika simu. "Taa ndogo inawaka?"

"Haiwaki," Rubens akajibu.

"Cha pili?"

"Vyote vinne vimekufa! Usinichezee, Victorine. Njoo!"

"Niko huku kwangu Kataki, nina kazi mukononi."

Hakudanganya. Simu ilibanwa kati ya sikio na bega, fer ya kusude, ile ya umeme ya kuunganishia nyaya, ilikuwa inatoa moshi, na mezani radio ya jirani ilikuwa imefunguliwa tumbo.

Rubens alikuwa amejifungia ndani ya depo ya samaki, kule karibu na port. Depo tupu, mwanga ukiingia kwa tundu za mabati tu, na mulango wa chuma usio na mushikio, ndani wala inje. Mulango ule ulishikwa na sumaku ya courant, yaani ya umeme. Ili sumaku iachilie, ilibidi kubonyeza vifungo vinne kwa kufuatana.

Asubuhi ile alikuwa anauonyesha kwa Mama Françoise, mukubwa wa mama wauza ndagala, aliyetaka milango ya namna ile kwa depo zao zote. "Angalieni, mama zangu," Rubens alisema, "ninajifungia mwenyewe, ninatoka mwenyewe." Kujifungia, alijifungia. Mama Françoise akajaribu vifungo vya inje, navyo kimya.

Mwezi uliopita, Rubens huyuhuyu alisema katika radio: "Mashine hii ya kufunga mulango, mimi njo nilitengeneza. Victorine? Ule alikuwa anafagia atelier yangu."

Miezi minane Victorine aliungua vidole juu ya mashine ile. Siku aliposikia maneno yale, alikunja aproni yake, akatoka bila kuaga. Aproni aliiacha. Neno "kufagia" alienda nalo. Alilala nalo, akaamka nalo.

"Vifungo hivi si vyangu," alisema sasa. "Ulibadilisha?"

"Niliweka vyekundu, vizuri vya kuonyesha watu."

"Kila kimoja kina miguu minne. Uliigeuza upande gani ulipokuwa unasude?"

"Upande gani, upande gani! Vile ilivyoingia!"

Victorine alijua palepale. Kifungo cha namna ile kikilazwa vibaya, kinakuwa kama mutu amekishika tangu asubuhi. Hata ukikibonyeza mara mia, mashine haioni jambo jipya.

"Sukuma mulango," alimwambia.

"Nimesukuma mpaka bega limevimba!"

"Basi sumaku yangu ni nzuri."

"Weye mwanamuke una roho mbaya! Unataka nioze humu? Ndiyo sababu..."

Alipiga kelele sana, kushinda hata mashine ya kusaga mihogo iliyokuwa inanguruma kando ya depo. Victorine alimwacha amalize. Katikati ya matusi, mashine ya kusaga ikanyamaza. Victorine akaangalia fer yake. Moshi ulikuwa umekatika. Akaiweka polepole juu ya tofali.

"Sasa ninakusikia vizuri," alisema. "Weka simu haut-parleur, ukaribie mulango. Karibu kabisa, lakini usiuguse. Wakisikia na kule inje, ni vizuri zaidi."

"Niko hapa. Nifanye nini?"

"Niambie nani alitengeneza mashine hii."

Rubens akapangusa jasho.

"Jibu, papa," sauti ya Mama Françoise ikatoka upande wa pili wa chuma. "Na sisi tunangoja tujue."

"Ni weye," Rubens akasema chini chini.

"Weye nani? Katika Kalemie tuko wengi."

"Victorine! Victorine njo alitengeneza!"

"Na nilikuwa ninafagia nini?"

Aliposikia mama wanaanza kucheka, Rubens alisema haraka: "Hukufagia. Weye ulikuwa unasude. Mimi njo nilikuwa ninafagia."

Kicheko kikalipuka inje, mama mumoja akapiga vigelegele.

"Mama Françoise, umesikia?"

"Nimesikia, binti yangu, na wenzangu wote wamesikia. Kesho uje weye mwenyewe kuona depo zetu. Huyu atakuja na fagio lake."

"Umepata ulichotaka!" Rubens alikuwa karibu kulia. "Sasa nifungulie, ninakufa na joto. Nisikilize, nakuomba, nimepiga magoti!"

Victorine alinyoosha mukono, akagusa fer kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imepoa, courant ilikuwa haijarudi.

"Simama, fundi wangu," alisema. "Simama, usukume. Tangu mashine ya kusaga iliponyamaza, mulango huo uko wazi."