Kura ya Lifti

Katika jengo lile wenye nyumba hawakuitisha tena mikutano. Kila nyumba, kwa kompyuta yake, ilimsoma mwenyewe anavyoishi, kisha ikapiga kura kwa niaba yake. Eliamani aliupenda utaratibu huo, maana mikutano ya zamani ilikuwa kelele tupu, mpaka asubuhi moja alipokuta mlango wa lifti umefungwa kwa mnyororo. Mfuko wa jengo ulitosha kutengeneza lifti au paa, si vyote viwili, na paa lilikuwa limeshinda kwa kura moja.

Alirudi ghorofa ya saba, na nyumba yake ilipomwambia kura yake ilikwenda kwa paa, akafura.

"Nani alikutuma uchague paa?" aliiuliza.

"Wewe," ikajibu kwa upole. "Miaka minne hujapanda lifti hata mara moja."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akipanda ngazi ili kumkwepa Bi Mwanahawa, jirani yake wa kiti cha magurudumu, ambaye akikushika kwa mazungumzo mle ndani ya lifti hakuachii.

Jioni akampelekea mkate wa kumimina. Bi Mwanahawa alikuwa dirishani, akiwatazama watu wa chini ambao hangewafikia tena.

"Walionifungia humu siwajui," alisema. "Ila wewe, mwanangu, sikushuku hata kidogo. Miaka yote hiyo ulijitesa na ngazi ili kiti changu kipate nafasi. Nakuombea kila siku."

"Amina, bibi," Eliamani akaitikia, huku akiendelea kuukata ule mkate, vipande vidogo vidogo, mpaka ukawa makombo.