Mvule Uliojibu

Makange alikuwa amelikabidhi shirika la kuhifadhi misitu msitu wake wote wa kaskazini mwa mji, isipokuwa mti mmoja. Mvule ule alijibakizia mwenyewe, apasue mbao za kitanda cha harusi ya bintiye. Asubuhi hiyo alikuja na shoka. Tumsifu, dada wa shirika, alikuja na brashi na kopo la rangi nyeupe, aipake alama miti isiyokatwa tena.

"Huu ni wako, Baba. Tulikubaliana," Tumsifu alisema, akaupita.

Makange akaugonga kwa mgongo wa shoka, kama wapasua mbao wanavyofanya kabla ya kukata, wasikie kama mti ni mzima. Ko, ko, ko.

Juu, ndani ya mti, kitu kikajibu. Ko, ko.

Makange akaganda. Maisha yake yote amegonga miti, na hakuna uliowahi kumjibu.

"Hondohondo jike," Tumsifu alinong'ona. "Amejizibia humo kwa udongo, na mayai yake. Dume ndiye anayemlisha."

Mara mbawa zikavuma juu yao kama mvua inayokuja. Dume akatua, tunda mdomoni, akalipenyeza kwenye ufa mwembamba. Ncha ya mdomo mwingine ikatokeza gizani, ikapokea.

Makange akaliegemeza shoka kwenye mzizi, akanyoosha mkono apewe brashi.

"Na kitanda, Baba?"

Makange aliusogelea mvule, akakunja kidole, akagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi ukweni, kisha akatega sikio.