Kinywa cha Mzee Chewa

Zama hizo samaki walipokuwa bado wakisikilizana, Mzee Chewa aliulinda mwamba wake kwa meno na kwa hotuba ndefu. Lakini akibanwa na njaa alitoka hadi bahari kuu, nje ya mipaka ya miamba yote, akala bila kiasi.

Bi Kasa, ambaye wanawe wachanga walikuwa wakielea hukohuko, alimfuata na jani la mwani lenye mapatano: bahari kuu isivuliwe msimu wa makinda.

"Mzee wangu, bado alama yako tu," alimsihi.

"Kwani huku ni kwa nani?" Chewa alijibu, kinywa kimejaa vifaranga. "Nionyeshe mwenyewe, nitaacha."

"Tema kwanza, nikuonyeshe."

Chewa akatema kwa dharau. Bi Kasa akawageuza wale wadogo mmoja mmoja. Wote walikuwa na midomo mipana na madoa ya kahawia, kama Chewa mwenyewe.

"Mayai ya mwambani kwako huchukuliwa na mkondo," alisema taratibu. "Huanguliwa huku, kisha watoto hurudi kwenu. Miaka hii hujajiuliza mbona hawarudi?"

Chewa alimtafuta walau mmoja aliye hai, asimwone. Ndipo alipoweka alama.