Msichana Mwenye Shoka

Vibarua waliokuwa wakibomoa dari ya sinema ya zamani walikuta kopo la bati lililoshika kutu, na ndani yake mkanda wa filamu unaonuka siki. Mzee aliyekuwa akiendesha mashine za sinema hiyo akautambua, akamwita mama mmoja mshonaji wa mtaani.

Mama alifika na binti yake. Ujanani alicheza filamu ya kisasi, ya bei chee, damu mwanzo mwisho. Filamu ikapotea, na ndugu wakamwita mwongo mpaka akaacha kuisimulia.

Mzee akapachika mkanda kwenye mashine yake ya zamani, ikakoroma. Ukutani, kati ya madoa, msichana mwenye shoka akatokea juu ya paa. Damu ya shavuni ilikuwa wazi ni rangi ya kutilia vitambaa, na gauni lilikuwa limechanika kuliko alivyokumbuka. Mama akajiziba uso.

Msichana akaruka. Majambazi wakatawanyika kama kuku.

"Mama! Kumbe ni kweli!"

"Usinicheke, mwanangu."

"Nikucheke? Mzee, hebu rudisha hapo aliporuka!" Binti akamgeukia mama yake. "Uliwezaje, mama?"

Mama akashusha mikono, akavua viatu, akapanda juu ya kiti.