Maziwa ya Mererid

Tangu nyumba zote za Welisi, ambazo huendeshwa kwa sauti, ziamriwe kusikia Kiwelisi peke yake, hakuna mlango wala jiko linalomtii mtu kwa Kiingereza. Mererid aliipokea amri hiyo kwa vigelegele, maana babu wa babu yake alivishwa kibao cha adhabu shingoni shuleni kwa kuzungumza Kiwelisi.

Kilichomkera ni friji. Yeye ni mtu wa kaskazini, na kwao maziwa ni *llefrith*. Friji lilifundishwa Kiwelisi cha kusini.

"Llefrith!" aliliamuru.

"Sema *llaeth*," friji lilimsahihisha, na mlango haukufunguka.

"Bibi, si useme tu hivyo, chai inapoa," mjukuu wake Non alimsihi.

"Ng'o! Kibao sivai mimi, hata kikiwa cha Kiwelisi."

Basi akanywa chai ya rangi majira yote ya baridi, na kila asubuhi akalirudia neno lake mbele ya friji kama mwalimu mwenye darasa tukutu.

Siku moja alilisema, mlango ukafunguka. Non akapiga kelele dirishani, majirani wakaitikia kwa kugonga sufuria. Mererid akajimiminia maziwa mpaka kikombe kikafurika.

"Llefrith yako hiyo, *cyw*," friji likasema taratibu.

Mererid akakiweka kikombe mezani. *Cyw*, kifaranga: hivyo ndivyo marehemu mama yake alivyokuwa akimwita. Katika nyumba hii yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka neno hilo, isipokuwa labda usingizini.